Sahihi ya Mwalimu Straume

Mama Petrona aliifunga jibini ndani ya mchoro wa marehemu, akakata uzi kwa meno, kisha akaisukuma juu ya kaunta.

"Haya, Inspekta. Na mikate miwili. Kingine?"

Inspekta Nicanor Ledesma hakuigusa. Alikuwa ameingia dukani kuchukua maelezo ya jirani, kazi ya dakika kumi, ili jalada la Jazeps Straume lifungwe kabla ya mazishi ya saa kumi jioni. Straume, mchoraji kutoka Latvia na mwalimu wa chuo cha sanaa, mwenye umri wa miaka sitini na sita, alikuwa amekutwa Alhamisi amekufa kwa gesi katika chumba chake cha kuchorea, ng'ambo ya barabara. Madirisha yalikuwa yamefungwa, mtungi wa gesi umefunguliwa hadi mwisho, na mezani kulikuwa na kipande cha karatasi chenye sahihi yake. Tucumán nzima ilikwishakubali kwamba mzee amejiua. Hakimu naye alikwishakubali.

"Hii karatasi umeitoa wapi?" aliuliza Ledesma.

Juu ya karatasi hiyo palichorwa vitunguu viwili, mshumaa na mayai matatu. Mistari ilikuwa michache, lakini maganda ya vitunguu yalionekana kama yangebanduka ukiyapuliza. Mafuta ya jibini yalikuwa yameanza kupenya kwenye yai la tatu.

"Hiyo ni oda ya Mrusi. Kila asubuhi alikuwa ananiletea moja."

"Alikuwa Mlatvia."

"Mlatvia, Mrusi, wote wanatoka kwenye baridi. Alikuwa anachora anachotaka kwa sababu kuandika hajui."

"Mwalimu wa chuo hajui kuandika?"

"Kwao anajua. Kihispania ndicho hajui. Miaka kumi na moja yuko hapa, Inspekta, kuongea anaongea kama mtoto aliyeota meno jana, lakini kuandika, wapi! Mwanzoni alijaribu. Akaniandikia anataka sabuni nusu kilo, vipande vyembamba. Kumbe mwenzangu anataka paja la nguruwe! Jabón ni sabuni, jamón ni paja, si herufi moja tu? Nikamkatia sabuni, nikamfungia vizuri kabisa." Mama Petrona alicheka mpaka matiti yakatikisika juu ya kaunta. "Tangu siku hiyo hakushika tena kalamu ya maneno. Akawa anachora tu."

"Michoro mingine iko wapi?"

"Si ninafungia vitu? Karatasi ngumu, haivuji. Mingine iko chooni, usinitazame hivyo, sote tuna haja. Ya wiki hii iko kwenye ndoo."

Ledesma alizunguka kaunta, akachutama, akaingiza mkono ndani ya ndoo. Maganda ya mayai, utumbo wa kuku, mafuta ya nguruwe yaliyoganda. Alitoa karatasi moja baada ya nyingine, akizifuta kwa kitambaa chake. Ile ya Alhamisi, aliyomwonyesha Mama Petrona, ilikuwa imeng'ang'aniwa na utumbo. Ilikuwa na jagi la maziwa na keki nne za asali ya miwa.

"Alipenda vitu vitamu?"

"Yeye? Meno yenyewe yamebaki matano. Hata mimi nilishangaa. Nikamuuliza, Mwalimu, una mgeni leo? Akaweka vidole viwili hapa," Mama Petrona alijishika kooni, "akavitanua hivi. Kama kipepeo."

"Tai ya kipepeo."

"Eh. Nikacheka. Joto hili la Februari, mpaka mbwa wanalala kwenye mitaro, nani mwingine mjini anajikaba na kipepeo..." Hakumalizia. Kicheko kilikuwa kimemtoka usoni.

"Mbona hukusema jana?"

"Sajini wako aliniuliza kama nimesikia harufu ya gesi. Nikamwambia nimesikia harufu ya gesi. Hakuuliza kingine, na mimi nilikuwa na wateja."

Ledesma alilipia jibini, akaiacha pale pale, akaondoka na karatasi mbili zenye mafuta.

*

Kituoni, Sajini Brizuela alikuwa ameinamia meza akinyonya chai ya yerba kwa mrija kutoka kwenye kibuyu. Alikuwa mnene, mwenye moyo mwema, na alipenda majalada yanayopendeza machoni. Hili la Straume alikuwa amelipamba. Kila karatasi ilikuwa imebandikwa kwa gundi katikati ya ukurasa wake, ikaandikwa namba kwa wino mwekundu.

"Hata ule ujumbe umeubandika?" aliuliza Ledesma.

"Kwa gundi ya unga, afande. Hauanguki mpaka Yesu arudi."

Ulikuwa utepe wa karatasi, upana wa kiganja. *Nimechoka. Naomba mnisamehe.* Chini yake, *J. Straume*, kwa herufi zilizochongoka kama miiba. Brizuela alikuwa ameilinganisha sahihi hiyo na ile ya kitambulisho cha marehemu, na hakukuwa na shaka kwamba ilikuwa yake.

"Sahihi ni yake," alisema Ledesma. "Na maneno?"

Sajini alitazama. Maneno yalikuwa ya duara, yamenyooka, kila alama mahali pake, kama daftari la binti aliyesomeshwa na watawa. Alitazama tena sahihi. Akaweka kibuyu chini.

"Ala! Hii ni miandiko ya watu wawili."

"Mzee alishindwa kuandika paja la nguruwe kwa lugha yetu. Leo anaandika wosia usio na kosa hata moja?"

Ledesma alimsimulia habari za ndoo na za kipepeo. Brizuela alikuwa na macho makali ya mambo madogo, alichokosa ni subira ya kuyafikiria. Alikimbilia kwenye kabati, akarudi na ratiba ya vipindi aliyokuwa ameing'oa kwenye mlango wa chumba cha marehemu. Mwandiko ulikuwa ule ule, wa duara. Chini ya ratiba palikuwa na jina: *Delfina Juárez, msaidizi*.

"Nimemkamata!" alisema Brizuela. "Na yuko hapo nje, afande! Amekaa kwenye benchi tangu saa mbili, eti anataka ufunguo amchukulie mzee suti ya kuzikiwa. Jeuri gani hiyo! Nimtie pingu?"

"Mtie kwenye kiti."

Delfina Juárez alikuwa na miaka ishirini na sita, gauni jeusi la kuazima lililombana mabegani, na rangi ya bluu chini ya kucha. Alikuwa amerudi Ijumaa jioni kutoka milimani, kwa mama yake, na habari alizipata kituo cha basi. Ledesma aliligeuza jalada kumwelekea.

"Huu ni mwandiko wa nani?"

Aliusoma. Hakushtuka kama mtu aliyekamatwa. Alikunja uso kama mtu anayeona kiatu chake miguuni mwa mwingine.

"Wangu. Mbona mmeikata?"

"Tumekata nini?"

"Barua. Hii ni barua ya Mwalimu. Ilikuwa ukurasa mzima."

Brizuela alitoa sauti ya dharau. Ledesma alimnyamazisha kwa kidole.

"Mimi ndiye niliyekuwa naandika barua zake zote," alisema Delfina. "Ya kodi ya nyumba, ya chuo, hata ya daktari wa meno. Anasema kwa mdomo, mimi naandika, yeye anatia sahihi. Hii ni ya tarehe kumi na mbili Desemba. Ya kujiuzulu. Niliipeleka kwa mkono wangu, nikamkabidhi Bi. Eulalia, katibu wa Mkuu."

"Kwa nini alijiuzulu?"

Binti alitazama kucha zake.

"Daktari Frías, Mkuu wetu, alipata tuzo ya taifa kule Buenos Aires. Mnajua, mji mzima ulimfanyia karamu. Ni kwa turubai la *Mwanamke anayefua*. Mwalimu aliona picha gazetini, akaliweka gazeti mezani, akaja kuniita. Yule mwanamke ni mama yangu. Turubai lile nililichora mimi, chuoni. Niliambiwa limeharibiwa na mvua iliyovuja, likatupwa. Mwalimu mwenyewe ndiye aliyenisahihisha mkono wa kushoto. Mama hana kidole gumba, kilibaki kwenye mashine ya miwa. Daktari Frías hajawahi kumwona mama yangu. Magazeti yalipomuuliza kuhusu huo mkono alisema aliuota."

"Na barua ilisema hivyo?"

"Ilisema hawezi kufundisha chini ya mtu anayenyonya damu ya wanafunzi. Alimwita kupe. Nilimsihi, Mwalimu, tafadhali, hilo neno tuliondoe, huyu ni Mkuu. Akakataa. Alisema kwa lugha yetu anajua matusi mawili tu, na hilo ndilo la adabu. Mwezi Machi alitaka kwenda Buenos Aires, kwa waamuzi wa tuzo, na michoro yangu ya mwanzo. Alikuwa amekwisha kata tiketi ya treni."

"Aliyajua hayo nani mwingine?"

"Mimi, yeye, na aliyesoma barua."

Ledesma alifungua jalada kwenye ukurasa wa nne. Hapo palibandikwa maelezo ya Daktari Olegario Frías, Mkuu wa chuo, aliyoyatia sahihi Ijumaa asubuhi: hakuwa na ugomvi wowote na marehemu, hakupata kupokea barua yoyote kutoka kwake, Alhamisi mchana alikuwa nyumbani amelala, kama watu wote wenye akili.

"Huwa wanafanya nini na barua zikifika pale chuoni?" Ledesma aliuliza.

"Bi. Eulalia anazipiga muhuri. Kwa nyuma, chini, ili asichafue maandishi."

Wanaume wawili walitazamana. Kisha wote wakautazama utepe ule, uliolala chali, mgongo ndani ya gundi ya unga.

"Usiseme kitu," Ledesma alimwambia Sajini. "Lete birika."

Maji yalipochemka walishikilia ukurasa juu ya mvuke, huku Brizuela akitokwa jasho na kunong'ona maneno ya kanisani. Gundi ililainika taratibu. Ledesma aliingiza wembe chini ya kona, akauvuta utepe milimita baada ya milimita, akaugeuza juu ya sahani. Uji wa gundi ulikuwa umetanda mgongoni mwake. Aliupangusa kwa pamba yenye maji.

Ilijitokeza nusu duara ya zambarau, hafifu, kama alama ya glasi juu ya meza. Ndani yake yalisomeka maneno nusunusu: *-KELEWA, OFISI YA M-*, na chini, *12 DES*. Ukingo wa juu wa karatasi uliupita muhuri katikati, na ulikuwa umenyooka. Haukuchanwa kwa mkono, ulikatwa kwa kisu cha karatasi.

"Aliikata barua, asione muhuri?" Brizuela alishangaa.

"Mtu mwenye katibu hageuzi karatasi. Kazi ya kugeuza ni ya katibu." Ledesma alifungua ripoti ya daktari. Maziwa tumboni, na ndani ya maziwa dawa ya usingizi. Hakimu alikuwa ameandika pembeni kwamba marehemu aliinywa kujipa ujasiri. "Alimkaribisha mgeni. Alimnunulia keki ambazo yeye mwenyewe asingeweza kuzitafuna. Alidhani amekuja kupatana."

Delfina alikuwa amesimama.

"Binti, chukua ufunguo," alisema Ledesma. "Mletee suti."

*

Ukumbi wa chuo ulinuka mayungiyungi na vitunguu vya kukaanga. Jeneza lilikuwa katikati, na kwenye meza ndefu ubavuni mwake yalipangwa masinia ya empanada zilizojazwa nyama, kwa kuwa familia bora za Tucumán hazikuzoea kuomboleza na njaa. Mzee mmoja mwenye fimbo ya fedha alikuwa akiuma empanada yake huku ameinama mbele, ili mchuzi usidondokee suti. Ulidondokea pembeni mwa jeneza. Aliusugua kwa kidole, akakilamba.

"Maskini Mrusi wetu," alimwambia mwenzake. "Kumbe alikuwa mfupi hivi?"

Ukutani, moja kwa moja juu ya kichwa cha maiti, lilitundikwa turubai la mwanamke anayefua. Mkono wa kushoto ulikuwa na vidole vinne. Kwenye kona, kwa rangi nyekundu: *O. Frías*.

Ledesma alivihesabu vidole mara mbili.

Daktari Frías alikuwa jukwaani. Alikuwa na nywele nyeupe zilizopakwa mafuta, mikono laini, na kooni tai ya kipepeo, nyeusi kwa heshima ya siku. Alisoma kutoka kwenye karatasi. Straume alikuwa ndugu. Straume, aliyetupwa na vita kutoka nchi ya misitu na theluji, alipata kwetu jua na mapenzi. Akaufikia ukurasa wa tatu, sauti ikamkatika mahali panapostahili, akatoa leso.

Kabla ya kumfuata, Ledesma alipitia kwenye dawati la Bi. Eulalia, pembeni mwa ukumbi, mlangoni pa ofisi ya Mkuu. Katibu aliitazama ile nusu duara, akafungua droo, akaupiga muhuri wake kwenye karatasi tupu, akaviweka vyote viwili sambamba.

"Nilimpa mkononi," alisema. "Aliisoma akiwa amesimama pale mlangoni. Jana aliniambia nimechanganyikiwa, hakukuwa na barua. Miaka kumi na tisa ninafanya kazi hapa, Inspekta. Sijachanganyikiwa hata siku moja."

Ledesma alimwashiria Frías ashuke hadi kwenye ngazi za jukwaa, akamnong'oneza. Mkuu alitabasamu kuwaomba radhi wageni, akaziacha karatasi zake mezani, akatangulia ofisini, Ledesma na Brizuela nyuma yake.

"Dakika mbili, Inspekta. Watu wananisubiri."

"Ni kuhusu barua ya kujiuzulu ya Desemba."

"Nilikwisha kusema. Hakuna barua."

"Delfina Juárez anasema aliiandika yeye."

"Yule msichana?" Frías alivuta pumzi puani. "Sasa unaanza kuelewa. Yeye ndiye aliyekuwa anamwongoza mzee kama ng'ombe. Kila kitu kiliandikwa na yeye. Straume hakujua hata anatia sahihi nini. Unadhani mtu yule, kwa Kihispania kile, angejua kuniita kupe? Mimi! Mtu aliyeshuka melini na chawa wa kambini, nikampa darasa, nikampa mshahara, leo mimi ndiye kupe?"

Nje vijiko viligonga sahani.

"Nani aliyekuita kupe, Daktari?" aliuliza Ledesma.

Frías aliketi polepole, akairekebisha tai yake kwa vidole viwili.

Ledesma aliuweka utepe juu ya meza, mgongo juu. Pembeni yake aliweka mchoro wenye harufu ya ndoo: jagi, na keki nne.

"Ulikula ngapi?"

"Samahani?"

"Keki. Nne zilinunuliwa, na chumbani kwake hatukuikuta hata moja. Yeye hakuwa na meno."

Mkuu wa chuo aliutazama mchoro, na kwa mara ya kwanza uso wake ulikuwa wa mchoraji. Aliinamisha kichwa kidogo, kuangalia namna jagi lilivyowekewa kivuli.

"Alikuwa na mkono mzuri," alisema. "Siku zote nilisema hivyo. Zote nne, kama unataka kujua. Nilikuwa sijala mchana." Kisha akaongeza, kwa sauti ya mtu anayeeleza ratiba: "Hakuumia. Matone ya mke wangu ni mazuri sana. Alisinzia mezani kama mtoto. Inspekta, zungumza nami kama mtu mzima. Nilimwibia nani? Mgeni asiye na mke, asiye na mtoto, asiyejua hata kuandika jina la mtaa wake? Msichana wa mkata miwa? Turubai lile lingeozea darasani. Mimi nililifikisha Buenos Aires. Tucumán imepata heshima. Yeye angeenda kuinyang'anya heshima hiyo kwa treni, daraja la tatu."

Ledesma alikuwa amekwisha kuwakamata watu waliowachinja ndugu zao. Walilia, walikana, walitukana. Huyu alikuwa anapangusa punje ya sukari kwenye kona ya mdomo, sukari ambayo haikuwepo. Ledesma aliuokota utepe na mchoro kutoka mezani.

"Simama."

"Niruhusu nimalize hotuba. Imebaki kurasa mbili tu. Ni nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika."

"Brizuela. Pingu."

Walimtoa kupitia ukumbini, kwa kuwa hakukuwa na mlango mwingine, na Ledesma asingeutumia hata kama ungekuwepo. Mazungumzo yalikufa meza baada ya meza. Bibi mmoja alishika mkufu wake. Kisha makamu wa Mkuu, mtu mwembamba aliyengoja cheo kile kwa miaka mingi, alipanda jukwaani, akakohoa, akazikuta karatasi mezani, akazitazama. Akaanza kusoma pale pale mwenzake alipoachia.

"...kwani urafiki, mabibi na mabwana, hauna uraia."

Mtu mmoja alipiga makofi. Wengine wakafuata, kwa afueni.

Ledesma alisimama mlangoni.

"Sajini, zile karatasi ni ushahidi. Zilete."

Brizuela alirudi, ukumbi mzima ukimtazama, tumbo lake likizisukuma kando nguo za hariri. Alipanda jukwaani akitweta na kuzichomoa karatasi mikononi mwa makamu katikati ya sentensi. Aliziviringisha na kuzitia mfukoni. Aliposhuka alipita chini ya turubai, akasita, akalitoa ukutani pia, akalikwapa.

Bila hotuba hapakuwa na la kusikiliza. Mabwana waliangalia saa. Kashfa inaambukiza kwa picha za magazeti, na mpiga picha alikuwa amekwisha fika uani. Kwanza iliondoka fimbo ya fedha, kisha mikufu, kisha mitandio. Saa kumi kasorobo masinia yalikuwa matupu na ukumbi umebaki na nzi.

Delfina alikuwa amefika na suti. Yeye na Mama Petrona, aliyefunga duka kwa mara ya kwanza mwaka ule, walikuwa wamemvisha marehemu nyuma ya pazia na kufunga kifuniko. Dereva wa gari la maiti aliingia, akahesabu watu, akavua kofia.

"Jeneza lina mishikio sita. Niliambiwa mabwana wa chuo ndio watakaobeba."

"Wameondoka," alisema Ledesma.

Alishika mshikio wa mbele. Brizuela, aliyekwisha mfungia Frías ndani ya gari la polisi na kurudi, alishika wa pili. Dereva akashika wa tatu, Delfina wa nne, na Mama Petrona akapangusa viganja kwenye aproni, akashika wa tano. Wa sita ulining'inia.

Bi. Eulalia alisimama kutoka kwenye dawati lake. Aliivalisha taipureta kifuniko, akavua viatu vya kisigino, akavisukuma kwa mguu chini ya kiti, akaja akiwa na soksi tupu juu ya vigae.

"Nyinyi mnahesabu hadi tatu," alisema, "au mnainua tu?"